Anajua Kuruka, Anaomba Lifti

Mimi sina nguvu yoyote ya ajabu. Nikipanda ngazi hadi ghorofa ya pili napumua mpaka majirani wanachungulia. Ndiyo maana nikimwona mtu aliyejaliwa kuruka angani, au kusimamisha saa za dunia nzima kwa kufumba macho tu, halafu anakuja kuzubaa mbele yangu, roho inaniuma kana kwamba ni urithi wangu unaotapanywa.

Nawasema hawa wa Heroes. Ni tamthilia ya Marekani, NBC walianza kuirusha Septemba 2006, kwa hiyo msiniambie nimechelewa, najua. Shemeji yangu ndiye aliyeniletea kwenye flashi. Sizoni ya kwanza nimeitazama kwa adabu zote hadi sehemu ya 23, ya kufungia mzigo, ile iliyorushwa tarehe 21 Mei 2007. Hapo ndipo adabu iliponiishia.

Kwa ambao hawajaiona, naeleza upesi. Kuna watu wa kawaida tu, muuguzi, polisi, karani wa ofisi huko Tokyo, msichana wa shule, wanaamka na kujikuta wana uwezo. Na tangu mwanzo kabisa tumeambiwa jiji la New York litalipuka tarehe 8 Novemba 2006. Wala si kwa mafumbo. Hiro, yule karani wa Tokyo anayecheza na muda, aliruka mbele akauona mlipuko kwa macho yake mawili. Isaac, mchoraji anayechora mambo ya kesho, ameuchora kwenye sakafu ya chumba chake, mtu huwezi kuingia usiukanyage. Mzee Linderman, tajiri wa Las Vegas, ameshaupigia hadi hesabu: watakufa asilimia 0.07 ya watu wote duniani, basi, na waliobaki wataungana kwa majonzi. Asilimia 0.07! Ukiisikia hivyo inapita tu sikioni. Kumbe kwa idadi ya watu wa wakati ule ni zaidi ya roho milioni 4. Niliipiga mwenyewe kwa kalamu, maana tajiri akianza kutaja asilimia mimi huwa simwamini.

Kwa hiyo siku inajulikana, jiji linajulikana, adui anajulikana. Adui ni Sylar, aliyekuwa fundi saa, anayepasua watu vichwa ili achukue uwezo wao. Hapo ungetegemea kikao. Hata kifupi, cha kusimama. Mmoja aseme, wewe kaa huku, wewe kule, wewe ukisikia filimbi simamisha muda. Wapi! Kila mtu anafika pale uwanjani Kirby Plaza kwa saa yake, kwa njia yake, na kila mmoja anapigana zamu yake huku wengine wamesimama wanatazama.

Wa kwanza kunipandisha presha ni Matt Parkman. Huyu ni polisi wa Los Angeles na uwezo wake ni kusikia mawazo ya watu. Anamjua Sylar, amekwisha kuona maiti alizoziacha. Anajua jamaa anasogeza vitu bila kuvigusa. Sasa Matt anafanya nini? Anatoa bastola anampiga risasi. Mtu anayesogeza vitu bila kuvigusa, wewe unamrushia vitu! Sylar akanyoosha mkono, risasi zikasimama hewani, zikageuzwa, zikarudi kifuani kwa mwenyewe. Nikapiga kelele, "Si unasikia mawazo wewe? Hukuyasikia hayo?"

"Baba Neema, punguza sauti, mtoto amelala," akasema mke wangu.

"Huyu ni polisi, Mama Neema! Mishahara ya watu hii!"

Aliyenifurahisha ni mmoja tu, Niki. Mama wa watu, mume ana jeraha la risasi, mtoto yuko pembeni, lakini amekuja. Hakutoa hotuba. Aling'oa ile mashine ya chuma ya kulipia maegesho ya magari, na nguzo yake, akamtandika nayo Sylar mpaka fundi saa akasahau saa ngapi. Nikasimama. Nikasema leo tumepata mtu. Sasa sikilizeni: steringi wetu Peter, yule muuguzi, akamwambia arudi kwa familia yake, yeye ataendelea. Na mama akaondoka! Aliyekuwa anashinda ndiye karudishwa nyumbani, kabaki anayetafakari.

Peter mwenyewe akarusha ngumi kadhaa, ngumi za kweli, nguvu kaazima kwa huyo huyo Niki. Ngumi kadhaa tu. Tumesubiri pambano hili tangu tulipoambiwa kwamba tukimwokoa Claire, yule msichana wa shule anayeshangilia timu, tutaiokoa dunia, tukamwokoa, tukahesabu wiki, tukavumilia maelezo ya profesa Mohinder kuhusu mageuzi ya viumbe, halafu pambano lenyewe linaisha kabla sijarudi na maji ya kunywa.

Na Hiro. Hiro nampenda, kwanza ndiye pekee anayefurahia uwezo wake, wengine wote wanatembea na nyuso za msibani. Amekuja na upanga. Mtu anayeweza kusimamisha dunia nzima, akatembea taratibu, akafanya kazi yake, akafuta upanga, akaondoka, yeye anatokea anamwita adui kwa jina! Kwa sauti! Halafu ndipo anamkimbilia. Yaani Sylar kapewa taarifa rasmi. Ashukuru Mungu fundi saa alikuwa ameshachoka kwa kipigo cha Niki. Upanga ukaingia, sikatai, nikashangilia, lakini Sylar akiwa anaanguka akawa bado na nguvu ya kumrusha Hiro kwenda kubamiza ukuta, na Hiro ili asibamize akajihamisha, akatoweka. Tutamrudia.

Sasa njooni kwenye chenyewe.

Peter anaanza kuwaka. Mikono imekuwa myekundu kama mkaa. Kumbe bomu ni yeye. Uwezo wa Peter ni kuchota uwezo wa kila anayemkaribia, na mmoja wa aliowachota ni yule Ted mwenye mionzi mwilini. Anatetemeka, anasema hawezi kuuzuia, watu watakufa. Machozi. Muziki unapanda. Mama Neema ameshika kitambaa.

Naomba tumpekue Peter mifukoni kidogo. Kwa kaka yake Nathan amechota kuruka. Kwa Hiro amechota mambo ya muda na kujihamisha mahali. Kwa Claire amechota kupona jeraha lolote. Kwa Claude, yule mzee asiyeonekana, amechota kutoonekana. Kwa Sylar mwenyewe amechota kusogeza vitu bila kugusa. Nimeacha vidogo vidogo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake; Peter anazo za kutosha, sizoni nzima zimemfunika jicho, na bado amesimama katikati ya uwanja analia asaidiwe.

RUKA! Si unajua kuruka? Ruka juu, mbali, ukalipukie huko, utapona mwenyewe maana una uponyaji wa Claire! Ninyi mnaosema nina haraka ya kulaumu, niambieni mimi ni kipi hapo ambacho hakiwezekani.

Hakuruka. Alimsubiri kaka yake. Nathan, mheshimiwa mteule, kura za Bunge la Marekani bado hazijapoa, akashuka kutoka angani na suti yake, akasema maneno mazito ya kindugu, akamkumbatia na kupaa naye. Huyu Peter ni sawa na mtu mwenye gari, pikipiki na ndege uani kwake, halafu anasimama barabarani kuomba lifti, tena kwa ndugu yake ambaye akimpa hiyo lifti anakufa. Wakapaa. Mwanga ukapasuka juu ya jiji, mweupe. Mama Neema akalia kabisa. Na mimi nililia, nilikuwa nalia kwa hasira.

"Wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

"Ningeruka."

"Wewe? Unayeniita mimi nipande kwenye stuli nibadilishe taa?"

Hapo nilinyamaza kidogo, lakini hoja yangu ilikuwa palepale, kwa sababu kuruka ni njia moja tu. Kulikuwa na ya pili. Claire alikuwa amesimama hapo hapo na bastola mkononi. Peter alikuwa amemwomba ampige kichwani kwa nyuma ili asilipuke. Binti anatetemeka, hawezi, kumuua baba yake mdogo, inauma. Jamani! Sehemu chache tu nyuma Peter alikufa kabisa, kipande cha kioo kimemwingia kisogoni, Claire huyu huyu akakichomoa, Peter akavuta pumzi akaamka. Mmeonyesha wenyewe! Piga risasi, bomu lizime, mkae chini mpumue, tafuteni koleo, toeni risasi, mtu aamke, twende zetu. Hapo hafi Nathan, halii mke wangu, hatuamshi mtoto.

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Katika tamthilia hii kuna bwana anaitwa Mhaiti, hivyo tu. Kazi yake akiwa karibu ni kuzima uwezo wa wenzake. Akisimama hapa, wewe huruki, huwaki, hulipuki, unakuwa mtu wa kawaida kama mimi na ngazi zangu. Na Noah Bennet, baba mlezi wa Claire, bwana wa miwani, amefanya kazi na Mhaiti kwa miaka. Noah yuko hapo uwanjani. Mjini New York, mwaka 2006, kila mtu ana simu. Hakuna aliyesema, jamani, yule rafiki yetu yuko wapi, hebu apigiwe.

Nilimpigia shemeji usiku ule ule nimweleze haya. Akacheka. "Shemeji, usilie," akasema, "sizoni ya pili inaanza tu, Peter huyo, kafungwa pingu ndani ya kontena huko Cork, Ireland, hakumbuki hata jina lake. Na Nathan naye yuko hai, amefuga ndevu."

Amefuga ndevu! Mke wangu amelowesha kitambaa kwa mtu aliyekwenda kufuga ndevu! Sikumwambia Mama Neema, nimeona amwombolezee mheshimiwa kwa amani siku mbili tatu. Shemeji akaongeza kwamba nisitegemee mengi kwenye hiyo sizoni ya pili, ina sehemu 11 tu, kwa sababu Novemba 2007 waandishi wa Hollywood waligoma. Mimi kwa upande wangu naona kama waligoma mapema zaidi, kwenye kurasa za Kirby Plaza.

Bado maiti. Sylar kachomwa upanga, kaanguka chali, macho wazi. Je, kuna aliyemgusa mshipa? Hakuna. Wote wametazama juu, kwenye mwanga, vinywa wazi. Noah Bennet sizoni nzima nilimheshimu kuliko wote. Mchana anauza karatasi huko Texas, usiku anakamata watu wenye uwezo na kuwaandikia mafaili; miwani ile haikosei kitu. Jina lake la kwanza lenyewe wamelificha hadi sehemu hii ya mwisho ndiyo wakatuambia ni Noah. Mtu makini namna hiyo, na hakugeuza shingo kumwangalia muuaji aliye hatua chache kutoka miguuni pake. Kamera iliporudi pale chini hapakuwa na mtu. Mstari wa damu ulikuwa umeburuzwa hadi kwenye shimo la maji taka la barabarani, na mende mmoja anatembea juu ya mfuniko, kwa raha zake. Polisi wapo. Magari ya wagonjwa yapo. Mtu mzima amefungua shimo la barabarani, ameingia, amefunga mfuniko nyuma yake, na kilichoona ni mende.

Wakati huo Mohinder anaongea. Huyu ni profesa wa jenetiki kutoka India aliyekuja New York akaendesha teksi, na ndiye anayetusomea hekima mwanzoni na mwishoni. Sauti nzuri, nakiri, ya kulalia. Nilikuwa nakaribia kupoa. Nimeshaweka rimoti chini.

Halafu maandishi: Juzuu ya Pili. Japani, mwaka 1671.

Hiro! Kumbe alipokwepa ukuta alitupwa huko, nyuma zaidi ya miaka 300, katikati ya uwanda wa majani. Upande mmoja wapiga mishale wamevuta pinde. Upande wa pili samurai juu ya farasi. Katikati yeye, na miwani yake na koti lake la ofisini. Jua linapatwa, kiza kinaingia. Na huyu ndiye, nawakumbusha, mwenye kusimamisha muda. Hahitaji upanga wala kocha wala kikao, anahitaji kufumba macho tu, basi, mishale yote inaganda, anatembea kwa mguu hadi chini ya mti.

Amesimama, macho kodo, anatazama jua.

"Fumba macho!" nikamwambia. "Hiro, fumba macho!"

Mtoto akaamka.