Duka la Upendo, Mlango wa Kipigo

Shangazi yangu, dada yake baba, ana duka la viungo Mji Mkongwe, kwenye kichochoro karibu na Hurumzi, na amelipa jina Duka la Upendo. Mwanamke huyu hugombana na kila kiumbe, kuanzia mchukuzi wa mkokoteni mpaka paka wa jirani, lakini duka ni lake na jina ni lake, nani atamwambia?

Basi jirani yake muuza vikoi akatundika ubao wa taa, zile nyekundu zinazokimbiza maandishi usiku kucha. Shangazi hakulala. Kulipokucha akaniita.

"Wewe si fundi? Na mie nautaka. Lakini wangu useme Kichina na Kijapani. Na niwe naubadilisha nitakapo: leo karafuu, kesho vanila."

Hilo la kubadilisha ndilo lililoniponza, kwa sababu lingekuwa neno moja la kudumu ningemaliza kazi kabla ya adhuhuri. Simu yako inaandika Kichina bila kutoa jasho kwa kuwa ina nafasi tele. Nyuma ya ubao wa taa kuna chipu yenye kilobaiti 32 tu, yaani baiti elfu 32 na ushei, na kila herufi sharti uiwekee picha yake nukta kwa nukta, hii iwake, hii izimike. Herufi zetu zinatosheka na nukta 8 kwa 16. Ya Kichina inataka mraba wa 16 kwa 16, yaani nukta 256, baiti 32 kwa herufi moja. Na orodha ya msingi ya China, GB 2312 ya mwaka 1980, ina herufi za Kichina 6,763. Zidisha mwenyewe: baiti 216,416. Haziingii hata uzishindilie.

Nikaanza kubana. Ipo fonti ya Kijapani, yaani seti ya picha za herufi, iitwayo Misaki, nukta 8 kwa 8, kazi ya watu wenye subira kuliko mimi. Sasa chukua 愛, upendo kwa Kijapani, yenye mikato 13. Ukiitia kwenye mraba wa nukta 8, mingine lazima iachwe, na msomaji ajazie kwa akili yake. Shangazi alisimama ng'ambo ya kichochoro, akakunja uso.

"Mbona umeniandikia chawa?"

Nikaifikiria fonti nyingine, Unifont, iliyoanza mwaka 1998, ya bure, na ina karibu kila kitu kwa 16 kwa 16. Nzima haienei. Kuchagua vipande vyake kunawezekana, ila kila shangazi akibadili mawazo nipande ngazi na kompyuta mkononi, na shangazi hubadili mawazo kabla chai haijapoa.

Muuzaji mmoja wa Kariakoo ndiye aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa na ubao wenye chipu ya pili, ya fonti peke yake, herufi zote zimo. "Kichina, Kijapani, vyote inasoma, wallahi," akaniapia. Unaiita herufi kwa namba: safu gani, nafasi gani, kwenye jedwali la 94 kwa 94. Za Kijapani nikazitoa kwenye jedwali la kiwango cha Japani chenyewe, JIS, ambalo nalo ni 94 kwa 94. Nikajaribu いらっしゃいませ, karibu ya madukani kwao, herufi 8. Zikatoka zote, nikazilinganisha na kitabu moja moja. Sasa mtu angetaka ushahidi gani zaidi?

Jioni ile, kabla ya magharibi, ubao ukawaka. Juu karibu ya Kichina, 欢迎光临. Chini ilikusudiwa 愛の店, duka la upendo, halafu ile karibu ya Kijapani. Mimi sisomi Kichina wala Kijapani. Niliona herufi zimejaa, zimenyooka, hakuna kiboksi kitupu hata kimoja, nikasema alhamdulillahi.

Wageni wakaja, tena wengi. Wakasimama, wakasoma, wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Bwana na bibi arusi wa Kijapani walifika mpaka kizingitini, bibi arusi akasoma, akamshika mumewe mkono. Shangazi, kwa ukarimu wake, akatoka na sinia la chai ya mdalasini huku akipaza ile sauti yake: "Karibuni ndani! Ingieni! Ingieni nasema!" Sijawahi kuona watalii wakitembea kwa kasi ile katika vichochoro vyetu. Walipotea upande wa Forodhani, kofia ya bwana tukaiokota.

Lililofumbua fumbo ni daktari wa Kichina, mmoja wa wale wanaopokezana hapa Unguja tangu 1964, mteja wa hiliki. Alitazama juu, akatazama chini, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Kisha kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Bi Mkubwa, humu ndani nani anapigwa?"

"Anapigwa nani?"

"Ubao unasema. Juu, karibuni. Chini, kipigo cha 'ole wangu'. Halafu, karibuni."

Shangazi akanigeukia. "Atapigwa huyu."

Nilikaa barazani na majedwali mawili mapajani, la Kijapani na lile la chipu, kumbe la Kichina, na shangazi kasimama nyuma yangu. Lo! Majedwali yanafanana kwa umbo tu. Wajapani walianza na lao mwaka 1978, Wachina wakafuata na lao, na herufi laini za Kijapani, zile za いらっしゃいませ, Wachina waliziweka kwenye safu zilezile na nafasi zilezile. Ndiyo maana jaribio langu lilipita. Herufi nzito za kawaida, kama 愛, ndizo zilizopangwa kila mtu kwa matamshi ya kwao. Safu ya 16, nafasi ya 6: Mjapani ana 愛. Mchina hapo ana 唉, mtu anashusha pumzi kwa huzuni. Safu ya 37, nafasi ya 25: Mjapani ana 店, duka. Mchina ana 殴, kupiga mtu, na hiyo hata Wajapani wanayo, maana ileile. Kati yao の ikatulia tuli, sahihi kabisa, isijue yaliyompata jirani wa kulia wala wa kushoto. Yaani katika herufi zote ambazo ubao ungeweza kuokota, ukaokota hizo mbili.

Bado nasema kosa ni la yule aliyeniapia.

Kutengeneza kulikuwa kwepesi mpaka nikaona haya. Herufi zenyewe za Kijapani, ukiondoa inayojirudia, ni 10. Mara 32, baiti 320. Nikazitoa kwenye Unifont, lile toleo lake la Kijapani, kwa kuwa toleo la kawaida huchora herufi nzito kwa mkono wa Kichina, na daktari keshanitosha. Zikaingia kwenye chipu ya kwanza na nafasi ikabaki ya kumwaga.

Tulipatana laki tatu. Shangazi akafungua kibweta, akahesabu, akanipa laki moja.

"Shangazi, na zilizobaki?"

"Nilikuagiza maneno matatu: duka, la, upendo. Duka likawa kipigo, upendo ukawa kilio. Lililotoka sawa ni 'la'. Hiyo ndiyo pesa ya 'la'."

"Lakini nimerekebisha!"

"Marekebisho ya kazi yako mwenyewe nikulipe mie?"

"Basi ile karibu, shangazi. Herufi 8, na ilitoka sahihi toka siku ya kwanza!"

Akafunga kibweta.

"Karibu? Wewe umezaliwa Unguja hii hii. Umeona wapi mtu akatozwa karibu?"