Msitenganishe Medali za Askari wa Keya

Juzi niliona kwenye mnada wa mtandaoni medali mbili za askari mmoja wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, zikiuzwa mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa British War Medal, ile ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918. Muuzaji alikuwa ameupiga picha ukingo wake vizuri kabisa: namba ya askari, cheo, jina lake, jina la baba yake, kikosi. Nikashuka kidogo nikakutana na Victory Medal, medali ya shaba ya vita hiyohiyo. Namba ileile, jina lilelile, muuzaji yuleyule. Nikamwandikia, nikamsihi aziuze pamoja. Akajibu kwamba zikitenganishwa zinaleta pesa zaidi, na kwamba medali ni mali yake. Mnada ukafungwa, moja ikaenda kwa huyu, nyingine kwa yule.

Kweli ni mali yake, na hakuna sheria aliyoivunja. Lakini medali hizo zilikaa pamoja karibu miaka mia moja. Zilihama nchi, zikapita mikononi mwa watu chungu nzima, vita nyingine ya dunia ikaja ikapita, zisiachane. Leo zimeachana kwa sababu ya tofauti ya bei. Nimekasirika, na naandika nikiwa bado na hasira.

Mimi mwenyewe ni mkusanyaji, kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba sielewi. Nakusanya beji za kofia, vifungo vya gwanda, vyeti vya kuachishwa jeshi, na medali kuliko vyote. Najua raha ya kushika kitu halisi baada ya kuchoshwa na vya bandia. Ile ya fedha ina upana wa milimita 36, na ukiiweka kiganjani unausikia uzito wake. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, akikanyaga ngao yenye tai. Picha hizo wakusanyaji tumezizoea, kwani medali za namna hiyo zilitengenezwa mamilioni. Kinachotufanya tuisogeze medali kwenye mwanga na kuizungusha polepole ni ukingo wake, kwa sababu pale ndipo jina la mwenyewe lilipogongwa kwa herufi kubwa. Wakati mwingine herufi moja imezama zaidi ya nyingine. Wakati mwingine jina limeandikwa jinsi karani Mwingereza alivyolisikia, na inabidi ulitamke kwa sauti ndipo umjue mtu.

Na ukingo unasema mengi. Mwaka 1914 KAR ilikuwa na batalioni tatu tu. Vita ilipokwisha zilikuwa 22. Kwa hiyo namba ya batalioni inakuelekeza askari alitoka wapi na aliingia lini. Ukiona 4 K.A.R. unafikiria Uganda. Ukiona 6 K.A.R. kaa chini kabisa, kwa sababu kikosi hicho kiliundwa vita ikiwa imeshapamba moto, na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wamewahi kuvaa sare za Wajerumani. Inawezekana kabisa umeshika medali ya mtu aliyepigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kisha akapigana dhidi yake. Hilo hulipati kwenye kichwa cha mfalme wala kwenye farasi. Unalipata kwenye mstari mmoja wa herufi ambazo kucha inaweza kuzifunika.

Sasa nitaje kinachoniuma hasa. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zote zina sanamu za askari wa vita ile. Nenda kazitazame. Zimesimama imara, zina maandishi ya kuwasifu mashujaa kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwemo, lakini hakuna jina la askari hata mmoja. Maofisa na askari Wazungu waliokufa kwenye vita hiyohiyo wana makaburi pale Taveta na Voi, kila mtu na jiwe lake, kila jiwe na jina lake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu wamo humo, maelfu kwa maelfu, waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa wakiwa na mizigo ya wenzao vichwani.

Basi fikiria maana ya ukingo wa medali katika nchi ambayo sanamu zake hazina majina. Kwa familia nyingi hicho ndicho chuma pekee duniani chenye jina la babu yao. Orodha nyingine ziko London, kwenye hifadhi ya nyaraka pale Kew, na mjukuu aliye Machakos au Songea hana njia ya kwenda kufungua majalada. Ana medali, kama bado anayo. Kama hana, iko kwenye droo ya mtu asiyemjua, na mtu huyo anafikiria kuiuza.

Ndiyo maana kutenganisha medali za askari mmoja nakuona kama ubaya, wala si suala la ladha ya mkusanyaji. Zikiwa pamoja zinashuhudiana. Jina likifutika kwenye moja unalisoma kwenye ya pili. Kikosi kikifupishwa huku, kule kimeandikwa kirefu. Ukizigawa, kila moja inabaki na nusu ya ushahidi. Na hili si jambo la kinadharia. Mwanzoni mwa mwaka 1980 bei ya fedha duniani ilipanda hadi karibu dola 50 kwa aunsi, na watu wakapeleka medali za fedha kwa wafua madini kwa mafungu, zikayeyushwa. Ndiyo sababu leo sokoni kuna Victory Medal nyingi zilizobaki pekee. Hiyo ni ya shaba, haikumvutia myeyushaji. Kila ninapoiona imetandazwa peke yake najiuliza ya fedha ilikwenda wapi, na mara nyingi jibu ni tanuru.

Wanaosugua nao nawalaumu hivyohivyo. Kuna watu hawawezi kuona fedha iliyoingia weusi bila kutafuta dawa ya kung'arishia. Acheni! Ule weusi hauli kitu. Kinachokula ni kitambaa chenu na dawa yenu, mwaka baada ya mwaka, mpaka pua ya mfalme inakuwa bapa na herufi za ukingoni zinabaki vivuli. Nimeshika medali ambayo namba ya askari ilisomeka tarakimu mbili tu, nyingine zimelambwa na usafi. Kama shaba imeota ukungu wa kijani unaotafuna, hapo sawa, itolewe kwa mkono wa anayejua. Vinginevyo ikunje kwenye karatasi isiyo na asidi uiache.

Wabaya kuwashinda wote ni wale wanaosaga ukingo kufuta jina la askari wa kawaida na kugonga jina la mtu maarufu. Hao huwakamati kwa macho, lakini kipimo kinawakamata: ukingo uliosagwa umepungua, na upana wa medali ukiupima sehemu mbalimbali hautalingana. Mkusanyaji asiye na kipimo cha milimita asinunue medali yenye jina kubwa.

Nitawapa wakusanyaji wa ng'ambo haki yao, ingawa siitoi kwa moyo mweupe. Kuna medali za askari wetu ambazo zingekuwa zimeyeyushwa zamani kama si Mwingereza fulani mstaafu kuzinunua, kuziandika kwenye daftari lake na kuzitunza. Kuna familia hapa kwetu zilizouza kwa sababu ya karo au hospitali, na sitamnyooshea kidole mtu aliyeuza medali ili mtoto asome. Kuna pia watoto waliocheza nazo zikapotea kisimani. Mkusanyaji mwangalifu ni bora kuliko vyote hivyo. Lakini uangalifu wake ndio nauzungumzia. Anayenunua jozi halafu akaivunja hana tofauti na yule wa tanuru la 1980.

Vita vya Pili hali imegeuka kichwa chini. Africa Star, Burma Star na wenzao, medali zenye umbo la nyota, Waingereza walizitoa bila jina lolote, na askari wa Keya walipata hizohizo tupu. Meli ya Khedive Ismail ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao unayasoma kwenye ukumbusho ulio kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kwa hiyo vita ya kwanza majina yako kwenye medali na hayako kwenye sanamu. Vita ya pili yako ukutani na hayako kwenye medali. Aliyerudi salama kutoka Bama (Burma), akaja kufia kwake kitandani, hayuko ukutani wala hayuko kwenye nyota yake. Cheti chake cha kuachishwa jeshi ndicho kila kitu. Nakutana na wauzaji wanaotupa karatasi kwa sababu imeliwa na mende, wakabaki na nyota inayong'aa. Nyota hiyo bila karatasi haina mtu tena. Ukilazimika kuchagua kimoja, chukua karatasi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Sarafu ambazo Wajerumani walizigonga Tabora mwaka 1916, hasa ile ya dhahabu yenye tembo, zina bandia nyingi, msinunue kwa picha. Risasi na mabomu mnayookota kwenye viwanja vya vita vya Salaita na kwingineko msiyaguse. Mengine bado yanaua, na hata ganda tupu la risasi likihamishwa mahali lilipoangukia linaacha kutuonyesha nani alisimama wapi. Wanaokusanya vitu vya Wanazi na kuvitundika sebuleni kwa fahari, hao sina maneno nao.

Familia zenye medali nina ombi moja. Chukueni simu, zungusheni medali taratibu dirishani, mpige picha ukingo wote, kisha muandike nyuma ya picha alikuwa nani, alizaliwa wapi, na nani aliirithi. Fanyeni hivyo hata kama hamna nia ya kuuza. Mkija kuuza, uzeni zote kwa mtu mmoja na mpeni picha na maandishi hayo.

Na kwa serikali. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Medali zote za vita kuu zimeachwa nje ya tarehe hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946, na ni vizuri, kwa sababu bila hivyo milango ya Lamu ingekuwa imekwisha kubebwa. Kama mlango wa 1940 unahitaji kibali kutoka nchini, kwa nini medali ya askari aliyepigana 1916 ipite uwanja wa ndege mfukoni mwa mtu bila kuulizwa? Hakuna haja ya kuandika sheria mpya. Waziri tayari ana uwezo wa kutangaza aina ya kitu kuwa kitu kinacholindwa. Atangaze medali na vyeti vya askari wa Afrika Mashariki wa vita vyote viwili, na kibali kisitolewe mpaka ukingo upigwe picha na jina liingizwe kwenye orodha ya umma. Itatusumbua sisi wakusanyaji, itapunguza biashara, na mimi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni na medali zangu.