Mbolea ya ruzuku bila samadi haitoshi Ukambani

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, foleni za mbolea ya ruzuku hurejea Machakos, Makueni na Kitui. Bei ya mfuko wa kilo 50 ilishuka hadi Sh3,500 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka 2023, na mkulima alipata afueni ya kweli. Linaloniudhi ni kwamba mjadala wote huishia kwenye bei. Udongo wenyewe hakuna anayeuulizia.

Mashamba mengi ya kule ni ya kichanga na mboji yake ni haba, ilhali mboji ndiyo inayoshika maji na virutubisho. Mvua kubwa ikinyesha, naitrojeni huzama chini kuliko inakofika mizizi. Mvua ikikatika ghafla, chumvi ya mbolea iliyorundikana karibu na mbegu huunguza mche. Fukua shina la mhindi ulionyauka wakati kama huo, huenda ukakuta chembe za DAP, mbolea ya kupandia, zingali nzima kwenye vumbi.

Kisha kuna asidi. DAP na urea, ambayo ni mbolea ya kukuzia, huleta amonia, nayo vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti na kuacha asidi. Msimu mmoja huoni kitu. Miaka ikipita bila samadi wala chokaa, pH hushuka, yaani asidi huzidi, na udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuizuia. pH ikifika chini ya 5.5, fosforasi uliyoilipia hunaswa na madini ya chuma na alumini, mahindi yasiipate. Mkulima akiona mavuno yamedorora, huongeza mbolea ile ile.

Siwaungi mkono wanaotaka mbolea ya dukani iachwe kabisa. Udongo uliochoka una njaa ya naitrojeni na fosforasi, na samadi ya mbuzi wachache haitoshi ekari nzima. Mbolea ya kiasi hukuza mizizi na mabua, na mabua yakibaki shambani huwa mboji. Lakini kiangazi kikibana, mabua yote huenda kwa ng'ombe (nani atamlaumu mwenye ng'ombe?), na samadi yao mara nyingi huishia kwenye bustani ya mboga au huuzwa. Basi shamba la mahindi hutoa tu, halirudishiwi.

Ndiyo maana nasema ruzuku ianze na kupima udongo. Chokaa iende penye asidi tu, isimwagwe ovyo. Mbolea ya kukuzia iwe CAN, yenye naitrojeni na chokaa, maana asidi yake ni ndogo kuliko ya urea. Kila shimo lipate konzi mbili za samadi iliyooza na mbolea ya kizibo kimoja cha soda, ichanganywe na udongo isiguse mbegu. Wakamba walichimba matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro ili kuzuia mmomonyoko, kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi. Vikundi hivyo vikipewa mikokoteni ya kusomba samadi na afisa wa kilimo anayefika shambani, kazi hii wanaiweza. Kaunti ziitengee fedha kabla ya mvua za Oktoba.