Siri za Ikulu: nani asome kwanza?

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Julai 24, 1974 hukumbukwa kama kichapo cha Richard Nixon. Majaji wanane, kwa kauli moja, walimwamuru akabidhi kanda za mazungumzo ya ofisini kwake zilizotakiwa katika kesi ya Watergate, kashfa ya kuvunjwa kwa ofisi za chama pinzani, na wiki mbili baadaye akaachia madaraka. Kinachosahaulika ni nusu ya pili ya hukumu hiyo. Humo humo majaji walikubali kwamba rais anayo haki, yenye mizizi katika katiba, ya kuyaweka siri mashauriano yake na wasaidizi wake. Nixon alianguka kwa sababu kanda zilihitajika katika kesi ya jinai, na yeye hakuwa na utetezi zaidi ya kusema kwa jumla kwamba mazungumzo ya rais ni ya rais. Angetaja siri ya kijeshi au ya kidiplomasia, walidokeza majaji, wangelitazama jambo kwa jicho jingine. Mtu akapoteza kanda, ofisi ikapata kinga.

Tangu hapo kinga hiyo imeibuka katika kashfa baada ya kashfa huko Washington, na wanaoitetea hubadilishana viti na wanaoipinga kila uchaguzi unapopita. Warepublican walichemka Juni 2012 Barack Obama alipozuia nyaraka za Fast and Furious, operesheni iliyoacha bunduki zivuke hadi kwa magenge ya Mexico. Hao hao walitulia tuli Mei 2019 Donald Trump alipozuia ripoti kamili ya Robert Mueller, mchunguzi maalumu wa madai kwamba Urusi iliingilia uchaguzi wa 2016. Wademokrati nao walifanya kinyume chake. Unafiki huo unachekesha, lakini hauthibitishi chochote. Hoja inaweza kuwa ya kweli hata ikitoka kinywani mwa mnafiki.

Na hoja ya kutunza siri ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaolilia uwazi. Mshauri anayejua kwamba kila sentensi yake itasomwa bungeni, kisha irudiwe kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hamshauri tena rais, anajitetea mapema. Hatathubutu kusema mpango ni mbovu mbele ya mwandishi wa kumbukumbu. Mambo mazito yatahamia kwenye simu na kwenye korido, na siku mwanahistoria atakapolifungua faili atakuta limejaa pongezi.

Wenye hoja hiyo wana mfano mzuri wa mwaka 1954. Seneta Joseph McCarthy, msaka wakomunisti hata pale wasipokuwepo, alikuwa akiliandama Jeshi la Marekani mbele ya kamera za televisheni. Akataka kujua maofisa walizungumza nini na watu wa Ikulu katika kikao cha Januari. Mei 17 Rais Dwight Eisenhower akamwandikia waziri wake wa ulinzi barua: wasijibu. McCarthy akakwama, na Desemba mwaka huohuo Seneti ikapitisha azimio la kumkemea. Siri hapo iliwakinga watumishi wa umma dhidi ya mtu aliyekuwa akiharibu maisha ya wenzake kwa tuhuma tupu. Makamu wa Eisenhower, aliyeyaona hayo yote kwa karibu, alikuwa Richard Nixon.

Sasa isikilize kanda iliyommaliza. Ni ya Juni 23, 1972, siku sita baada ya wavunjaji kukamatwa katika ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate. Nixon na mkuu wa wafanyakazi wake, H. R. Haldeman, wanapanga shirika la ujasusi, CIA, liwaambie wapelelezi wa FBI waachane na uchunguzi, kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Yaani kilichokuwa kikifichwa kwa jina la maslahi ya nchi ni mpango wa kulitumia jina hilohilo kuficha uhalifu.

Kwa nje, barua ya Eisenhower na barua za mawakili wa Nixon zinafanana. Zote zinataja mashauriano ya siri na heshima ya ofisi. Tofauti ilikuwa ndani ya chenyewe kilichofichwa, na huwezi kuijua mpaka asome mtu asiye na maslahi. Ndiyo maana ubishi wa kama serikali iwe na siri au isiwe nazo haunisisimui. Iwe nazo. Nataka kujua nani anasoma kabla neno "siri" halijakubaliwa.

Katika Watergate msomaji huyo alikuwepo: Jaji John Sirica alizisikiliza kanda faraghani, akachuja yasiyohusu kesi. Kuona gharama ya kutokuwa na msomaji wa namna hiyo, rudi nyuma hadi Oktoba 6, 1948. Ndege ya kijeshi aina ya B-29 ilianguka karibu na mji wa Waycross, Georgia, ikaua watu tisa, wakiwemo mafundi raia waliokuwa wakijaribu vifaa vya kielektroniki. Wajane watatu walishtaki na kuomba ripoti ya ajali. Serikali ikakataa: kuna siri za kijeshi. Jaji wa kwanza hakuwa na makuu; aliomba aletewe aisome peke yake chumbani. Serikali ikamnyima hata yeye, naye akawapa wajane ushindi. Mahakama ya Juu ikautengua mwaka 1953 kwa kura sita dhidi ya tatu, katika kesi inayoitwa United States dhidi ya Reynolds, bila majaji wake kuiona ripoti. Wajane wakakubali fidia pungufu.

Karibu nusu karne baadaye ripoti ilipotoka, binti wa mmoja wa marehemu aliisoma. Ilieleza injini iliyoshika moto na matengenezo ambayo hayakufanywa inavyotakiwa. Siri za vile vifaa alizozitarajia hakuziona. Familia zilirudi mahakamani zikashindwa tena, mahakama ikisema serikali haikudanganya, kwani wakati wa Vita Baridi hata maelezo madogo ya ndege ile yangeweza kumfaa adui. Hoja hiyo siidharau. Lakini ni hoja ambayo jaji wa kwanza angeweza kuipima mwenyewe kwa saa moja, ripoti ikiwa mezani.

Watetezi wa serikali watajibu kwamba jaji si mwanajeshi, hajui ni kipande gani kidogo kitamfaa adui. Kweli. Ila si daktari pia, na bado anaamua kesi za uzembe hospitalini.

Kenya nayo imepitia haya bila kuyaita kinga ya rais. Serikali ilijitetea kwa Sheria ya Siri za Serikali na kwa vifungu vya usiri ilivyotia saini yenyewe. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliwaahidi wanahabari kwamba mkataba wa reli ya SGR, iliyojengwa kwa mikopo ya China, ungetolewa; haukutolewa. Hata nyaraka alizozipata mwanaharakati Okiya Omtatah kwa njia zake ziliondolewa katika kesi yake kwa kuwa hazikupatikana kihalali, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaafiki. Mwananchi anyimwe mlangoni, kisha aambiwe amepitia dirishani! Mei 2022 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Mombasa akaamuru nyaraka zitolewe, katika kesi ya wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo. Novemba, chini ya serikali mpya, Waziri Kipchumba Murkomen akaitoa mikataba ya mikopo. Ndani mlikuwa na mkopo wa dola bilioni 1.6 kwa riba ya asilimia 2, mwingine ghali zaidi wa riba inayopanda na kushuka kulingana na soko, na sharti kwamba migogoro iamuliwe Beijing. Ya kuaibisha yalikuwepo. Ya kuhatarisha mipaka ya nchi sikuyaona. Serikali ilikuwa na hoja moja ya maana, kwamba mkopeshaji akivunjiwa usiri huenda asirudi. Hilo lilipaswa kusemwa kabla ya kutia saini, maana kifungu cha 35 cha katiba kilikuwepo tangu 2010.

Hata hivyo hukumu nzuri haitoshi ikichelewa. Kesi ya Nixon iliamuliwa siku 16 baada ya kusikilizwa na Mahakama ya Juu. Ya Fast and Furious ilifunguliwa 2012, jaji akatoa uamuzi 2016, ikamalizwa kwa makubaliano 2019, Obama akiwa keshaondoka. Mikataba ya SGR ilitoka miaka mitano baada ya treni ya kwanza. Kinga inaweza kushindwa mahakamani na bado ikawa imefanya kazi yake. Sheria ya Kenya ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu, lakini kesi ikishafika kortini hakuna saa kama hiyo. Ningeiweka: serikali ikidai siri, nyaraka zifike kwa jaji ndani ya mwezi, azisome faraghani, aamue. Atakosea mara mojamoja, na siri halali itavuja. Hasara hiyo naikubali kuliko ya Waycross.