Mswaki unataka hewa, si kofia

Aprili iliyopita nilikaa siku nne kwa shangazi yangu Tukuyu. Nyumba yake ni safi: sakafu imepigwa deki, vyombo vimeanikwa kichanjani. Lakini bafuni nilikuta miswaki mitano imebanana ndani ya kikombe kimoja, kila mmoja umevalishwa kile kikofia cha plastiki. Nikavua kimoja. Ndani kulikuwa na matone ya maji, na kwenye mashina ya nyuzi kulikuwa na ukoko mweupe wa dawa ya meno. Chini ya kikombe maji yalishaanza utelezi.

Shangazi alinunua vile vikofia kwa nia njema. "Mende, mwanangu. Usiku wanapita kila mahali."

Namwelewa, na najua nyumba nyingi za huku kwetu zinafanya hivyohivyo. Ila naamini kwa dhati kwamba tunakosea. Vijidudu vinapenda unyevu, na kinachovipunguza ni mswaki kukauka kati ya asubuhi na jioni. Masika ya Tukuyu, soksi inamaliza siku tatu kambani bado ina ubichi. Mswaki uliofungiwa utakauka lini? Kikofia ni cha safari, ukifika, uvue.

Tukahamisha miswaki siku ileile. Bafu la shangazi limeungana na choo, na kila ukivuta maji, matone madogo yanaruka hewani na kutua popote. Tukapigilia ubao mwembamba wenye matundu karibu na dirisha la koridoni, miswaki ikasimama kichwa juu, hakuna unaomgusa mwenzake. Mende tukawawekea dawa yao, maana kosa ni lao, si la mswaki. Baada ya kupiga mswaki, suuza kwa maji yanayotiririka mpaka povu liishe, kung'uta, simamisha. Hakuna haja ya kuuchemsha. Maji ya moto yanapinda nyuzi tu.

Jambo moja linaniuma zaidi ya kikofia: kuazimana. Mgeni kasahau wake, au watoto wawili wanatumia mmoja kwa sababu "ni ndugu". Fizi hutoka damu bila mtu kujua, na homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu. Undugu hauizuii. Heri mgeni asukutue kwa maji ya chumvi usiku huo, asubuhi anunue wake dukani.

Halafu tuitupe kwa wakati. Miezi mitatu au minne inatosha, na nyuzi zikitawanyika kabla ya hapo, usisubiri. Wazee waliotumia kijiti cha mti walikata ncha iliyochakaa na kutafuna mpya, bila kuhesabu hasara. Mswaki wa binamu yangu mdogo ulikuwa umelala pande zote mbili kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Nilimuuliza ni wa lini. Akaniambia alipewa alipoanza darasa la tatu. Sasa yuko la nne.