Majani ya nyumbani waachieni ng'ombe jamani

Mwezi wa 12 watu wakirudi kijijini kwetu Rungwe kila nyumba ni makwanja tu, watoto wanafyeka, vijana wanalipwa wafyeke, na siku hizi kuna wanaopita na bomba mgongoni wanapulizia dawa ya magugu mpaka ukutani kuku wanapochakura, halafu hatua chache tu nyuma ya nyumba ng'ombe yuko bandani analia njaa na mama wa watu kaenda mtoni kukata matete anarudi na mzigo kichwani. Hii kitu inaniuma kweli. Majani yapo, ng'ombe yupo, sasa shida iko wapi?

Mtaniambia ng'ombe wa maziwa anafugwa ndani. Sawa, mabwana mifugo walitufundisha hivyo na walikuwa na sababu, kupe wanaleta ugonjwa wa ndigana kali na ng'ombe wa kisasa hadumu nayo, tena maeneo yamebana, akikatiza tu kakuingilia mahindi ya jirani. Ila kumfunga kamba mbele ya nyumba masaa mawili matatu huku unamwona siyo kumpeleka porini. Muogesheni dawa ya kupe kila wiki kama kawaida, kupe watakaompanda hapo uani wanakufa na dawa iliyoko mwilini mwake, kwahiyo na uwanja unapungua kupe.

Hebu mwangalieni anavyokula. Juu mbele hana meno, anazungusha ulimi kwenye fungu la majani anavuta anakata, chini anaacha kama vidole viwili hivi. Ukoka ukiachwa hivyo unachipua tena na mizizi inaendelea kushika udongo. Huku kwetu Tukuyu mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka na nyumba zetu nyingi ziko kwenye mteremko, wewe unaparua uwanja kwa jembe uwe mweupe eti usafi, masika ikifika udongo wote umeshuka bondeni na msingi wa nyumba uko nje. Kwa usafi gani huo?

Kuhusu mavi, ndiyo, atakunya. Asubuhi unazoa na koleo unapeleka kwenye migomba, imeisha hiyo, na hata yakibaki kidogo kuku wanayachambua wanatafuta wadudu. Kitu kimoja utakiona, pale alipokunya hapali, majani yanabaki marefu kama vishungi, hapo ndo upitishe kwanja dakika kumi.

Sasa yapo ya kuangalia na hapa nisikilizeni vizuri. Msimtoe kabla umande haujakauka, vibuu vya minyoo vinapanda juu ya majani kukiwa na unyevu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 lakini viroba na vifungashio bado vimejaa uani, okoteni kwanza, akimeza vinabaki tumboni mpaka anakonda mnamtafuta mchawi. Wenye uzio wa lantana mweke kamba isifike, ile inaharibu ini na ngozi inababuka akipigwa na jua. Na kwa vile siku hizi kila mtu kapanda parachichi mpaka mlangoni, yale majani yake yana sumu inayoharibu kiwele na hata moyo, msione ni mti wa matunda mkadhani hauna neno. Na palipopuliziwa ile dawa ya bomba msimfunge kabisa, na ndo sababu nyingine ya kuachana nayo.

Nyie mlioko Dar au Mbeya mjini mna nyumba kijijini na hamfugi, badala ya kumlipa mtu wa bomba ongeeni na jirani mwenye mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, afunge kwenu. Ila mkubaliane mapema samadi ya nani, ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kwa mama yangu samadi wanagawana nusu kwa nusu na jirani, na huyo mtamba akizaa mama atakuwa anapata lita moja ya maziwa kila Jumamosi.