Starehe Isiyotafutiwa Udhuru

Kila Ijumaa saa moja jioni, hapa Tampere, Ufini, ninakoishi, hufika zamu yangu ya sauna, chumba cha joto na mvuke. Jengo letu lina sauna moja ya pamoja katika ghorofa ya chini, na kila mpangaji anayetaka hupewa saa moja kwa wiki. Mama yangu, aliyeko Unguja, anaijua ratiba hiyo, na tangu nilipoanza kumweleza habari zake amekuwa akiniuliza swali lile lile: "Mwanangu, hiyo inatibu nini?"

Kwa muda mrefu nilimjibu kama daktari. Nilimwambia kwamba watafiti wa Ufini wamechunguza kwa miaka mingi uhusiano wa sauna na afya ya moyo, kwamba misuli hulegea, kwamba usingizi huja bila kuitwa. Sina ugomvi na watafiti hao, lakini nimeacha kulijibu swali kwa njia hiyo, kwa sababu si kweli kwamba naenda sauna kwa ajili ya moyo. Naenda kwa kuwa napata raha, na naamini kwamba tunajidhulumu tunapoona haya kulisema hilo bila kulifunika kwa faida fulani. Filamu tunaisifu kwamba ina mafunzo, matembezi kwamba yanapunguza uzito, hata kahawa ya barazani tunaitetea kwamba inaleta habari za mji.

Neno lenyewe, starehe, tumelionea. Siku hizi ukisema fulani ni mtu wa starehe, umemtaja mfujaji wa mali. Ilhali pwani, mgeni akiingia na mwenyeji akataka kuinuka, mgeni humwambia, "Starehe, starehe," yaani baki ulivyo, usijisumbue. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kupumzika tu. Sioni dhambi iko wapi.

Saa yangu ya Ijumaa ndiyo hiyo. Kuna chumba cha mbao, jiko lililojaa mawe, ndoo ya maji na kata. Benchi la juu, joto hufika nyuzi 80 na zaidi. Ukimwaga maji juu ya mawe, unasikia mlio mkali, kisha kimya cha sekunde chache, halafu mvuke unashuka kutoka darini, unakugusa masikio kwanza, kisha mabega, hadi unainamisha kichwa bila kutaka. Wafini wanauita mvuke huo löyly, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya roho au pumzi ya uhai, na mtu aliyekaa pale hahitaji kuelezwa kwa nini. Wakati wa kiangazi hujipiga taratibu kwa kitita cha matawi mabichi ya koivu, mti wao wenye gome jeupe, na chumba kizima hunukia majani. Simu haiingii humo, joto lingeiharibu. Nadhani hiyo ni nusu ya raha yenyewe.

Katika nchi hii ya watu wapatao milioni 5.5, sauna zinakadiriwa kufikia milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo kuwa urithi wa binadamu. Hata hivyo ninayoipenda kuliko zote ni Rajaportti, mtaa wa Pispala, sauna ya umma iliyofunguliwa mwaka 1906, ambako watu hutoka nje wakifuka mvuke na kukaa uani kwa taulo, jirani na jirani, bila haraka ya kuzungumza. Kila nikikaa pale naikumbuka Hamamni, mtaa wa Mji Mkongwe uliopata jina lake kutokana na hamamu iliyojengwa zama za Sultani Barghash. Sisi nasi tulikuwa na nyumba ya namna hiyo, ya watu wa mji. Leo inatazamwa na watalii, mabirika yake makavu.

Juzi mama aliponiuliza tena, nilimjibu kwa swali: sinema ya Majestic, pale Vuga, ilikuwa ikimtibu nini? Alicheka, kisha akasimulia kwa karibu nusu saa. Alisimulia maonyesho ya wanawake peke yao, mabaibui yaliyofukizwa udi, karanga za moto kwenye karatasi, filamu za Raj Kapoor ambazo hakuelewa Kihindi chake lakini nyimbo zake alizijua zote, na jinsi ukumbi mzima ulivyolia kwa pamoja, kisha wakatoka wakiwa wamenuna kwa kuwa imekwisha. Hakutaja hata funzo moja. Alipomaliza aliniuliza kama maji ya sauna yangu yameshachemka, nikamwambia si maji, mama, ni mawe, na akaniaga nisije nikachelewa zamu.